Chuo kimoja, nchi mbili, lugha mbili: hiki chuo cha Wafaransa na Wajerumani kinaendaje?



Tangu watu wajue kwamba nilisoma "kwenye kile chuo cha Wafaransa na Wajerumani", maswali ni yale yale: kiko wapi, ada ni shilingi ngapi, na fomu zinapatikana wapi. Kuna mdogo wangu mmoja wa Mbeya alishaambiwa na jamaa wa mjini kwamba akitoa laki nane atapatiwa nafasi "kampasi kuu ya Saarbrücken". Nikaona bora niandike yote kwa mpigo, maana kwenye kafe dakika zinakwenda na mtu hana muda wa kuhangaika na tovuti za Kijerumani.

Basi tuanze na hilo la kampasi. Hakuna kampasi! Chuo chenyewe kwa Kifaransa kinaitwa Université franco-allemande, kifupi chake UFA, na kwa Kijerumani Deutsch-Französische Hochschule, yaani DFH. (Ndiyo, UFA. Nilipomwambia bibi yangu kwamba nasoma kwenye ufa alicheka mpaka machozi.) Makao yake yako Saarbrücken, Ujerumani, kwenye jumba moja zuri linaloitwa Villa Europa. Ukienda pale utakuta ofisi na wafanyakazi wake. Hutakuta ukumbi wa mihadhara, wala hosteli, wala mwalimu anayekusubiri na chaki. Kwa hiyo mtu akikuuzia nafasi ya "kampasi kuu", mjue huyo ni tapeli wa kawaida tu.

UFA ni mtandao. Unaunganisha vyuo zaidi ya 200, vingi vikiwa Ufaransa na Ujerumani na vichache nchi nyingine. Chuo kimoja cha Kifaransa na kimoja cha Kijerumani vinakaa pamoja, vinatengeneza kozi moja, halafu vinaipeleka UFA ikaguliwe. Ikipita, inapewa fedha. Kozi za namna hiyo ziko karibu 200, na wanafunzi ni zaidi ya 6,000: uhandisi, sheria, biashara, historia, sayansi, mpaka kiwango cha udaktari. Mwanafunzi anasoma takriban nusu ya muda nchi moja na nusu nchi ya pili, na mwisho wa safari anapata shahada mbili, moja ya kila nchi, bila kurudia miaka.

Serikali mbili zinachangia bajeti nusu kwa nusu. Rais wa chuo akiwa Mjerumani, makamu wake Mfaransa, na baadaye wanabadilishana. Yote hayo yalikubaliwa kwenye mkataba uliosainiwa Weimar tarehe 19 Septemba 1997, ukaanza kutumika mwaka 1999.

Sasa kwa nini Saarbrücken na siyo Berlin au Paris? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Mkoa wa Saarland umevutwa huku na kule kama kamba ya shule. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ufaransa iliukalia na kuutenga na Ujerumani, watu wake wakawa wanatumia faranga. Chuo Kikuu cha Saarland kilianzishwa mwaka 1948 kwa msaada wa Wafaransa, hasa Chuo Kikuu cha Nancy, na tangu mwanzo kilikuwa cha lugha mbili. Mwaka 1955 wananchi wakapiga kura, wakakataa mpango wa kuufanya mkoa huo kuwa eneo la Kiulaya lenye hadhi yake yenyewe, na tarehe 1 Januari 1957 ukaingia Ujerumani Magharibi. Faranga yenyewe ilitumika mpaka 1959. Kwa hiyo wazee wa pale wanaijua Ufaransa kama Mtu wa Kigoma anavyoijua Burundi: jirani, mkwe, na wakati mwingine ugomvi.

Nikiwa kule nilikuwa nakumbuka sana Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Vijana wengi hawajui kwamba tangu 1963 mpaka 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja cha nchi tatu. Kila nchi ilitaka kitivo chake, kila moja ilikuwa na mipango yake ya maendeleo, na Julai 1970 wakagawana. Kwa maoni yangu UFA imedumu kwa sababu haimiliki majengo ya kugombania. Kila chuo kinabaki cha nchi yake, na cha pamoja ni kozi, fedha na wanafunzi wanaohama.

Haya, masomo yenyewe.

Mimi nilifanya masters. Mwaka wa kwanza, kuanzia Septemba 2018, nilikuwa Metz upande wa Ufaransa. Mwaka wa pili, Oktoba 2019, tukahamia Saarbrücken, wote kwa pamoja. Hilo la "wote kwa pamoja" ndilo linaloitofautisha UFA na yale mambo ya kwenda kutembea muhula mmoja. Darasa letu lilikuwa karibu nusu Wafaransa, nusu Wajerumani, na sisi wachache wa kutoka kwingine. Kule Metz Wajerumani walikuwa wanateseka na Wafaransa wanawasaidia. Tulipovuka mpaka, meza ikageuka. Sisi wa kutoka mbali tuliteseka pande zote, lakini kwa usawa, hahaha!

Watu wanadhani kazi ngumu ni sarufi. Sarufi unazoea. Ngumu ni namba. Chukua 97. Kiswahili tunasema tisini na saba, imeisha hiyo. Mjerumani anasema saba na tisini, anaanza na mkia. Mfaransa anasema nne-ishirini-kumi-na-saba, yaani anakupa hesabu ya kuzidisha na kujumlisha kabla hujaandika chochote. Sasa weka mwalimu anayesoma vipimo kumi na tano mfululizo bila kuandika ubaoni. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa naandika namba za Kijerumani kutoka kulia kwenda kushoto, kwanza moja kisha kumi, na baadhi ya Wafaransa walikuwa wanafanya hivyo hivyo.

Saa nazo ni vituko. Mjerumani akisema "halb drei", neno kwa neno ni nusu ya tatu, wewe unafikiri ni saa tatu na nusu ya kwao. Hapana, ni mbili na nusu, nusu ya kuielekea tatu. Halafu sisi Waswahili tuna saa zetu tunazohesabu kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo kichwani kwangu hiyo ni saa nane na nusu. Lugha tatu, saa tatu tofauti, kipindi kimoja. Na kwenye vyuo vingi vya Kijerumani ratiba ikiandikwa c.t. kipindi kinaanza robo saa baadaye, ni desturi ya zamani. Mfaransa hana hiyo. Ratiba ikisema saa mbili asubuhi, ni saa mbili.

Kuna na maneno yanayofanana lakini hayana undugu. Kwa Mfaransa "concours" ni mtihani wa ushindani wa kuingia kwenye shule kubwa. Kwa Mjerumani "Konkurs" ni kufilisika. Mwenzetu mmoja Mfaransa alimwambia mama mwenye nyumba wake wa Kijerumani kwamba alitumia miaka miwili kwenye Konkurs. Mama wa watu akamhurumia, akawa anampelekea keki kila Jumapili. Jamaa alikuja kujua baada ya wiki nyingi, na sidhani kama alisahihisha.

Mambo ya alama ndiyo yanayoumiza watu kweli, kwa hiyo someni taratibu. Ufaransa alama ni kati ya 0 na 20, kupita ni 10. Usisubiri 20, wala 18. Ukipata 14 umefanya vizuri na 16 ni vizuri sana. Ujerumani ni kinyume: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo mwisho wa kupita, 5.0 umeanguka. Vyuo viwili vinakuwa na jedwali la kubadilishia alama, na kila kozi ina lake. Liombeni siku ya kwanza.

Lakini jedwali halionyeshi tofauti kubwa zaidi. Ufaransa vipindi ni vingi, majaribio madogo madogo mwaka mzima, na kwa kawaida alama nzuri ya somo moja inaweza kuliziba somo jingine ulilopata 8 au 9. Ujerumani unaachiwa uhuru, hakuna anayekufuatilia, halafu mwisho wa muhula mtihani mmoja unaamua. Kila somo linasimama lenyewe. Na kurudia kuna kikomo: mara nyingi unaruhusiwa kurudia mara mbili, basi. Ukianguka mara ya mwisho kwenye somo la lazima, wanaiita "endgültig nicht bestanden", yaani kuanguka kwa moja kwa moja, na fani hiyo huwezi tena kuendelea nayo hata ukihamia chuo kingine cha Ujerumani. Kwa mwanafunzi wa kozi ya pamoja maana yake ni kwamba nchi moja ikikutoa, shahada mbili zinaondoka kwa mkupuo. Darasani kwetu walianza 24, tukamaliza 17. Siyo wote walioondoka kwa sababu ya mtihani, wengine walichoka tu kuhama. Lakini msidanganyike na picha za Eiffel.

Halafu ikaja korona. Hii naieleza kwa sababu ndiyo iliyonionyesha mpaka ni nini.

Kati ya Saarbrücken na Metz kuna treni ya karibu saa moja. Kuna hata tramu inayotoka katikati ya Saarbrücken mpaka Sarreguemines, Ufaransa. Watu wanaishi huku wanafanya kazi kule, wanavuka kununua mkate, hakuna anayekuuliza kitu. Tarehe 16 Machi 2020 Ujerumani ikaanza kuufunga mpaka ule. Vivuko vidogo vikawekewa vizuizi, vilivyobaki vikawekwa polisi, na ukitaka kupita uwe na sababu na karatasi. Wafaransa wengi wa darasa letu walikuwa wameenda kwao wikiendi. Wakabaki huko huko, vitabu na nguo zao ziko Saarbrücken. Mshikaji wangu wa chumbani aliniagiza kwa simu nimfungie kompyuta yake kwenye sanduku, nikampa jirani aliyekuwa na kibali cha kazi aivushe.

Na maneno yakaanza mtaani. Kuna Wafaransa waliotukanwa, wengine wakarushiwa mayai, kwa sababu mkoa wa upande wa pili ulikuwa umeshambuliwa vibaya na ugonjwa. Ilifika mahali Heiko Maas, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani na ni mtoto wa Saarland hasa, akajitokeza hadharani kulaani. Fikiria, miaka 57 baada ya Mkataba wa Élysée wa 1963, ule wa Adenauer na de Gaulle wa kumaliza uadui, mayai yanaruka. Kwa upande mwingine walimu wetu wa vyuo viwili walikaa kwenye intaneti usiku, wakakubaliana mitihani ifanyweje, na hakuna aliyepoteza mwaka. Mpaka ulifunguliwa katikati ya Juni. Nadhani watu walioshika lugha mbili walifanya kazi kubwa kipindi kile kuliko hotuba za miaka yote.

Kwetu sisi wa pasipoti ya kijani au ya jumuiya, mpaka upo kila siku, korona isiwepo. Kibali cha kuishi Ufaransa hakikupi ruhusa ya kuhamia Ujerumani kuishi. Unaweza kutembelea hadi siku 90 ndani ya siku 180, basi. Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 inayomruhusu mwanafunzi aliye kwenye programu ya pamoja kwenda kusoma nchi ya pili hadi siku 360, mradi taarifa itolewe kabla. Zikizidi hapo, unaomba kibali kipya kana kwamba unatoka Dar. Wenzako wanafunga begi Ijumaa wanahama Jumamosi. Wewe unaanza kupanga foleni za makaratasi miezi minne kabla. Ofisi ya kimataifa ya chuo chako ndiyo ya kuisumbua, na uisumbue mapema.

Mkwanja sasa, najua ndicho mnachosubiri.

Vyuo vya umma vya Saarland havitozi ada, unalipa mchango wa muhula tu ambao ndani yake kuna usafiri. Ufaransa ilipandisha ada kwa wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2019: euro 2,770 kwa mwaka shahada ya kwanza na 3,770 masters, na baadaye zikaongezeka kidogo, ingawa vyuo kadhaa vimesamehe wanafunzi wao. Kwenye kozi za UFA kwa kawaida unalipa chuo chako cha nyumbani tu, cha pili hakikudai. Kwa hiyo upande unaojiandikisha kwanza una maana kubwa mfukoni.

UFA inampa mwanafunzi posho ya kuhama kwa kila mwezi anaokuwa nchi ya pili. Enzi zetu ilikuwa karibu euro 300. Inasaidia kodi ya chumba, haikulishi. Wala haitoshi kwa viza: Ujerumani inataka uonyeshe akaunti iliyozuiwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Septemba 2024, yaani 992 kila mwezi. Piga kwa shilingi, ni zaidi ya milioni 30 zimekaa benki kabla hujapanda ndege. Ufaransa wanataka ushahidi wa euro 615 kwa mwezi. Ndiyo maana nawashauri walio na uwezo wa kuchagua waanzie Ufaransa, na wasubiri posho na kazi ndogo ndogo kabla ya kuvuka. Kubeba boksi kunaruhusiwa, ila kwa kipimo: Ufaransa saa 964 kwa mwaka, Ujerumani siku nzima 140 tangu Machi 2024. Mimi nilipanga bidhaa kwenye supamaketi usiku. Ninajua bei ya jibini kwa lugha mbili.

Na lugha unazipata wapi ukiwa Bongo? Alliance Française na Goethe-Institut zote ziko Upanga, Dar. Kozi nyingi zinataka kiwango cha B2 mpaka C1, na kila kozi ina masharti yake. Goethe wenyewe wanakadiria kwamba kufika B2 kunahitaji vipindi 600 mpaka 800 vya dakika 45. Ukisoma vipindi kumi kwa wiki bila kukosa, hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja kwa lugha moja tu. Mimi Kifaransa nilianza nacho sekondari, ndiyo maana niliwahi. Ndugu zetu wa Bukavu, Bujumbura na Kigali waliosoma kwa Kifaransa wako mbele yetu hapa kabisa. Kwao kilichobaki ni Kijerumani. Lakini na sisi tuna mazoezi ambayo Wafaransa hawana. Mtoto wa Tanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza fizikia inageuka Kiingereza usiku mmoja, bila posho, bila mtu wa kumsaidia. Nilipowasimulia wenzangu walidhani natania.

Wenye cheti cha kidato cha sita wanaotaka kuanzia Ujerumani wajue cheti hukaguliwa kwanza, na kutegemea masomo na alama unaweza kuambiwa upite Studienkolleg, mwaka wa maandalizi. Ukiwa tayari na shahada ya kwanza njia ni nyepesi zaidi. Uraia si tatizo, kozi ziko wazi kwa watu wa nchi zote.

Utaratibu wenyewe: ingia tovuti ya UFA, kuna orodha ya kozi zote kwa fani na kwa mji. Chagua kozi, siyo chuo. Angalia vyuo viwili vinavyoiendesha, andika barua pepe kwa mratibu wa upande unaotaka kuanzia, umuulize mambo manne: lugha kiwango gani, ada analipwa nani, mwaka upi uko nchi ipi, na wangapi huanza na wangapi humaliza. Hilo la mwisho wengine hawapendi kulijibu, muulize hivyo hivyo. Maombi yanakwenda kwenye chuo husika, na baada ya kukubaliwa ndipo unajiandikisha UFA. Hakuna dalali popote kwenye mlolongo huu.

Mkirudi nyumbani na vyeti vyenu viwili, vipelekeni TCU vitambuliwe, vyote viwili, pamoja na tafsiri na lile jedwali la alama. Bila jedwali, ofisa ataona 13 kati ya 20 upande mmoja na 1.7 upande wa pili, na mtakaa pale mpaka jioni mkieleza kwamba ni mtu mmoja na hakufeli popote.